Anga limeungua, mlima haupo: Namna ya kupiga picha ya mandhari jua likiwa kali

Asubuhi Moshi mjini. Mawingu yamefunguka na Mlima Kilimanjaro uko wazi mpaka theluji ya Kibo inaonekana. Watu wanasimama barabarani, simu zinatoka mifukoni, picha zinapigwa. Dakika chache baadaye mlima umejifunika tena.

Ndipo mtu anafungua simu kuangalia alichopata. Migomba imetoka vizuri, mabati ya nyumba yametoka vizuri, lakini juu yake kuna weupe mtupu. Mlima haupo.

Wapiga picha wana jina la hali hiyo: picha imeungua. Inakwenda sambamba na tatizo jingine, mwako wa jua kwenye lenzi. Huo ndio ule utando mweupe, ile mistari, au vile vidoti vya kijani vinavyoelea katikati ya picha ya machweo.

Kwa aliyetaka kumbukumbu tu, hasara ni ya moyo. Kwa mwongoza watalii, mwenye nyumba ya wageni au kijana anayeuza safari kupitia Instagram, hasara ni ya mfukoni, maana mteja hanunui mlima asiouona.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo inatibika kwa simu hiyo hiyo, bila kununua kamera mpya.

Kwa nini jicho linaona, simu haioni

Jicho la mtu halitazami mandhari yote kwa mpigo mmoja. Likitazama anga, mboni inajibana. Likishuka kwenye kivuli cha mti, mboni inafunguka, na ubongo unaunganisha yote kuwa taswira moja. Mtu anahisi ameona kila kitu kwa pamoja.

Kihisi cha kamera hakina ujanja huo. Kwa kila picha moja kinapokea mwanga kwa kiwango kimoja. Kikipokea mwingi ili kivuli kionekane, anga linafurika na kuwa jeupe. Kikipokea kidogo ili anga libaki na rangi yake, ardhi inakuwa nyeusi.

Simu ikiachwa ijiamulie, mara nyingi hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani, huku ikizipa nafasi ya kwanza sura za watu. Fremu ikijaa vitu vyeusi kama migomba, msitu au ukuta wa kivulini, simu hudhani kuna giza na kuongeza mwanga. Anga ndilo linalolipa gharama.

Kuna jambo moja la kukumbuka hapa: sehemu iliyoungua kabisa haina taarifa yoyote ndani yake. Hakuna programu itakayorudisha wingu ambalo kihisi hakikulirekodi. Kivuli cheusi, kinyume chake, mara nyingi huwa bado kina kitu na kinaweza kufufuliwa. Kwa hiyo kanuni ya wengi ni kuokoa anga kwanza, ardhi itafuata.

Mwako wa jua unatoka wapi

Lenzi si kioo kimoja. Hata ya simu ina vioo kadhaa vidogo vilivyopangwa kwa safu. Mwanga unapogusa uso wa kioo cha kawaida kisichopakwa kitu, takribani asilimia 4 hurudi nyuma badala ya kupita.

Asilimia 4 inaonekana ndogo, lakini hesabu inakua haraka. Lenzi yenye vioo saba vilivyoachana ina nyuso 14. Bila dawa yoyote, zaidi ya asilimia 40 ya mwanga ingepotea njiani, na sehemu yake ingebaki ikidundadunda ndani ya lenzi.

Mwanga huo unaodunda ndio unaoleta balaa. Ukisambaa fremu nzima, picha inapauka kama imemwagiwa maziwa. Ukijikusanya, unatokea kama kidoti, duara au mstari.

Mwaka 1935, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani alibuni utando mwembamba sana wa kupaka juu ya lenzi ili kupunguza mwanga unaorudi. Leo karibu kila lenzi ya maana ina utando wa aina hiyo, tena wa tabaka nyingi. Unapunguza tatizo sana, lakini jua la ana kwa ana bado linaushinda.

Halafu kuna sababu ya mtaani kabisa: uchafu. Simu inatoka mfukoni, vidole vimetoka kushika chipsi, na mafuta yamebaki kwenye kioo cha kamera. Mwanga ukigonga mafuta hayo, unatawanyika na kuchora mistari mirefu. Watu wengi wanalaumu kamera, kumbe kinachotakiwa ni kitambaa.

Mambo matano kabla ya kubonyeza

*1. Kufuta lenzi.* Kitambaa laini cha miwani kinafaa zaidi. Pindo la fulana safi ya pamba linaweza kusaidia, ila vumbi lipulizwe kwanza, maana mchanga wa ufukweni ukisuguliwa unachuna kioo.

*2. Kugusa anga, si ardhi.* Kwenye simu nyingi, ukigusa sehemu fulani ya skrini, simu inapima mwanga wa hapo. Kwa mlima, gusa theluji au anga lililo jirani nayo. Kwa machweo, gusa wingu linalong'aa pembeni ya jua, si jua lenyewe.

*3. Kushusha mwanga kidogo.* Baada ya kugusa, simu nyingi huonyesha alama ya jua dogo pembeni. Kuivuta chini kunapunguza mwanga. Ardhi ikianza kuonekana nyeusi kidogo, hakuna shida, hiyo itarekebishwa baadaye. Kinachotafutwa ni mawingu yawe na umbo na anga liwe na rangi.

*4. Kufunga vipimo.* Kidole kikishikiliwa kwenye skrini kwa sekunde chache, iPhone na simu nyingi za Android hufunga mwanga na umbali. Hapo fremu inaweza kupangwa upya bila simu kubadili mawazo.

*5. Kukinga lenzi.* Jua likiwa nje kidogo ya fremu, kiganja kilichonyooshwa juu ya simu kama kofia kinatosha. Daftari, pama au pindo la khanga vinafanya kazi hiyo hiyo. Cha kuangalia ni kivuli: kikifunika kioo cha kamera, utando mweupe unatoweka pale pale na rangi zinarudi. Kiganja tu kisiingie kwenye picha.

Kwa wenye kamera kubwa, kazi hiyo hufanywa na kofia ya lenzi. Lakini wengi huiacha imegeuzwa nyuma kama ilivyotoka kwenye begi. Ikikaa hivyo haikingi chochote.

Mbinu ya kidoti cha kijani

Kidoti kinachotokea kwenye picha za simu hakikai ovyo. Kwa kawaida hukaa upande wa pili wa kitovu cha picha, sawa kabisa na mahali taa au jua lilipo. Jua likiwa juu kulia, kidoti kitakuwa chini kushoto, kwa umbali ule ule kutoka katikati.

Kulijua hilo ni nusu ya dawa. Simu ikigeuzwa kidogo, kidoti nacho kinahama. Mpiga picha anaweza kukipeleka kwenye eneo tupu, mfano anga au mchanga, ambako ni rahisi kukifuta. Anaweza pia kuliweka jua katikati kabisa ili kidoti kijifiche ndani ya mwanga wake. Kisichofaa ni kukiacha kitue usoni kwa mtu.

Njia nyingine ni kulificha jua lenyewe. Shina la mnazi, tanga la ngalawa, mnara wa msikiti au tawi la mbuyu vinaweza kulifunika lote au nusu. Mwanga unabaki kwenye mandhari, lakini mshale unaoingia moja kwa moja kwenye lenzi unakatwa.

Kamera kubwa zina faida ya ziada hapa. Tundu la lenzi likibanwa hadi f/16, jua lililochungulia pembeni ya kitu hugeuka nyota yenye miale. Simu nyingi haziwezi, kwa sababu tundu lake halibadiliki.

Jua likae upande gani?

Mahali pa kusimama na mwezi wa mwaka vina uzito kuliko bei ya simu. Kilimanjaro ni mfano mzuri.

Anayeutazama mlima kutoka Moshi anatazama kaskazini. Kuanzia Aprili hadi Septemba, jua la mchana hupita upande huo huo wa kaskazini, yaani mbele yake. Mwezi Juni saa sita mchana jua huwa juu mbele, nje ya fremu lakini likichoma kioo cha lenzi moja kwa moja. Huo ndio wakati wa kukinga kwa kiganja. Kuanzia Oktoba hadi Februari mambo hugeuka, jua likawa mgongoni na kuumulika mlima.

Anayetazama kutoka Amboseli, upande wa Kenya, yeye anatazama kusini. Kwake kalenda ni kinyume: Juni jua liko mgongoni, Desemba liko mbele.

Pande zote mbili, asubuhi na mapema ndiyo saa yenye nafasi kubwa. Joto likipanda, mawingu nayo hupanda, na kufikia mchana mlima mara nyingi umeshajifunika. Siku moja baada ya mvua hewa huwa safi zaidi, kwa sababu vumbi na moshi vimeoshwa.

Pwani nako kuna mpangilio wake. Coco Beach jijini Dar es Salaam inatazama mashariki, kwa hiyo jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya majengo. Forodhani, Zanzibar, ni kinyume, kwani pale jua linazama baharini. Anayetaka rangi za machweo juu ya maji akienda Coco jioni atakuwa amekwenda saa ya mji mwingine, ila atapata mwanga laini unaomulika mawimbi kutoka nyuma yake bila mwako wowote.

Saa ya dhahabu ya ikweta ni fupi

Miongozo mingi ya picha imeandikwa Ulaya na Marekani, na husema mwanga mzuri hudumu saa nzima kabla ya jua kuzama. Afrika Mashariki haiko hivyo.

Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, digrii moja kila dakika nne. Kutoka digrii sita juu ya upeo mpaka kuzama ni kama dakika 25 tu. London mwezi Juni, safari hiyo hiyo huchukua karibu mara mbili, kwa kuwa jua linashuka kwa mshazari. Jua lenyewe, kuanzia ukingo wake wa chini unapogusa bahari mpaka wa juu unapotoweka, huchukua dakika mbili na ushei.

Maana yake ni kwamba anayefika Forodhani saa 12 na nusu akaanza kutafuta pa kusimama, ameshachelewa. Pa kusimama patafutwe mapema.

Faida ni kwamba jua likishazama, mwako nao umekwisha. Dakika 15 zinazofuata anga bado lina rangi, ardhi bado inaonekana, na tofauti ya mwanga kati yake imepungua. Wengi huwa wameshafunga simu na kwenda kununua urojo, na ndio wakati picha inapokuwa rahisi.

HDR ni mbinu ya zamani sana

Simu nyingi zina kitu kinaitwa HDR. Simu inapiga picha kadhaa kwa haraka, nyingine ya giza, nyingine ya mwanga, kisha inachukua anga kutoka moja na ardhi kutoka nyingine.

Wazo hilo lina zaidi ya miaka 160. Miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipambana na tatizo hili hili. Kemikali za wakati ule zilishika mwanga wa buluu kupita kiasi, kwa hiyo anga lilitoka jeupe karibu kila mara. Katika baadhi ya picha zake za bahari alipiga anga kwenye negativu moja na maji kwenye nyingine, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo.

Mmarekani Ansel Adams alitumia njia nyingine. Katika picha yake maarufu ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, alikadiria mwanga kwa kuanzia na mwezi wenyewe, sehemu yenye kung'aa. Baadaye, kwenye chumba cha giza, alilikoleza anga akati anasafisha nakala zake.

Kwa mtumiaji wa simu, HDR iachwe imewashwa kwenye mandhari zilizotulia. Upepo ukivuma au mashua ikipita kwa kasi, picha zinazounganishwa zinaweza kutofautiana na kuacha vivuli viwili. Mkono ukae imara, viwiko vibanwe mbavuni, au simu iegemezwe kwenye ukuta.

Filta: ipi inasaidia, ipi inaharibu

Filta ya polaraizi inakoleza buluu ya anga na kupunguza mng'ao wa maji na majani. Inafanya kazi zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo pembe mraba na jua. Kipimo chake kiko mkononi: kidole cha shahada kielekezwe kwenye jua, dole gumba linyooshwe, kisha kiganja kizungushwe. Kote dole gumba linakopita ndiko anga litakakokolea.

Jua likiwa utosini, eneo hilo linazunguka karibu na upeo pande zote. Likiwa mbele au nyuma ya mpiga picha, filta haifanyi kazi kubwa angani.

Asiye na filta lakini ana miwani ya jua ya polaraizi anaweza kuishika mbele ya kamera ya simu na kuizungusha taratibu. Inafanya kazi, mradi kioo ni safi.

Filta yenye giza juu na uwazi chini inafaa pale upeo ulipo mstari mnyoofu, kama baharini au ziwani Mwanza. Penye mlima au majengo marefu, inatia giza vilele navyo.

Ile filta ya bei chee inayowekwa kulinda lenzi tu ni vyema ivuliwe wakati wa machweo. Inaongeza nyuso mbili za kioo mbele ya lenzi, na kila uso ni nafasi mpya ya mwako.

Anga likiwa jeupe kweli

Kuna siku anga lenyewe ni jeupe, ukungu na mawingu ya tambarare, hakuna cha kuokoa. Hapo dawa ni kulipunguza. Upeo upandishwe juu ya fremu ili ardhi ichukue nafasi kubwa, au tawi lenye majani litumike kuziba weupe. Siku kama hizo ni nzuri kwa maporomoko ya maji, msitu na mashamba ya chai, kwa sababu hakuna vivuli vikali.

Kurekebisha bila kudanganya

Snapseed ni bure, na Lightroom ya simu nayo ina toleo la bure. Hatua ni chache. "Highlights" hushushwa ili mawingu yarudi, "Shadows" hupandishwa ili ardhi ionekane, kisha kidoti cha kijani hufutwa kwa "Healing" ya Snapseed.

Dalili ya kuzidisha ni mstari mweupe unaozunguka mlima au majengo kama taji, na anga lenye buluu ya wino. Anayeuza safari awe mwangalifu. Mgeni aliyevutwa na anga la kompyuta akifika akakuta lingine, malalamiko yake hayatakuwa kwa simu.

Kileleni hakuna marudio

Sehemu ambayo kosa linauma zaidi ni Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wapandaji wengi hufika karibu na macheo baada ya kutembea usiku, wanakaa dakika chache, kisha wanashuka. Jua linatokea upande wa Mawenzi, na watu wanaopigwa picha wakilipa mgongo wanatoka weusi tii.

Suluhisho ni kuwageuza watazame jua, au wasimame kwa ubavu ili mwanga ushike shavu. Wakitaka jua liwe nyuma yao, mwanga upimwe angani kisha flashi iwashwe kwa ajili ya sura. Theluji nayo hudanganya kamera ikaipiga rangi ya kijivu, hivyo ikijaa fremu nzima mwanga uongezwe kidogo badala ya kupunguzwa.

Baridi hunyonya betri, kwa hiyo simu ikae ndani ya koti, karibu na mwili, mpaka dakika ya kuihitaji.

Macho kwanza

Kutazama jua kupitia skrini ya simu si sawa na kulitazama kupitia kitundu cha kamera kubwa. Kwenye kitundu, lenzi inakusanya jua na kulimimina jichoni, na lenzi ndefu ni hatari zaidi. Jicho linaweza kuungua bila maumivu yoyote. Darubini haipaswi kuelekezwa kwenye jua bila filta maalumu mbele yake, hata kama ni kwa ajili ya simu, kwani inaweza kuunguza kihisi pia.

Septemba 1, 2016, watu walifurika Rujewa mkoani Mbeya kutazama jua likipatwa na kubaki kama pete. Agosti 2, 2027, jua litapatwa tena kikamilifu kwenye njia itakayopita Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi kwa tukio kama hilo.

Kwa kifupi

- Futa lenzi kila unapotoa simu mfukoni.
- Gusa anga, shusha mwanga, funga vipimo.
- Kinga kioo cha kamera kwa kiganja jua likiwa pembeni.
- Peleka kidoti cha kijani mahali patupu.
- Jua mwelekeo wa jua la mwezi huo kabla ya kuchagua pa kusimama.
- Fika mapema, na usiondoke jua linapozama.
- Piga zaidi ya moja, ukague picha ukiwa bado hapo hapo. Mlima ukishajifunika, haungoji mtu.